Mehrangarh: tiketi inayoishia kwa maharaja

Anayepanda hadi Mehrangarh, ngome iliyokaa juu ya jabali la mita 120 hivi kuutazama mji wa Jodhpur nchini India, hukata tiketi dirishani na pesa yake haiendi serikalini. Inakwenda kwenye wakfu ulioanzishwa mwaka 1972 na Gaj Singh, aliyerithi cheo cha maharaja akiwa mtoto wa miaka minne baada ya baba yake kufa katika ajali ya ndege. Jambo hili huwakera wengi, na wanaokereka si watu wa ovyo. Tawala za wafalme zilimezwa na India huru, na posho zao zikafutwa kwa katiba mwaka 1971. Sasa kwa nini ukoo ule ule uendelee kushika lango lililojengwa kwa kodi na jasho la mababu wa hao hao wanaokata tiketi?

Swali ni la haki. Ila wanaoliuliza huzungumza kana kwamba jengo likitoka kwa ukoo huingia moja kwa moja mikononi mwa wananchi. Huingia mikononi mwa idara ya serikali.

Mwaka 2013 Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali ya India aliripoti kwamba majengo na mabaki ya kale 92 yanayolindwa na idara ya mambo ya kale ya taifa hayaonekani yalipo. Hayaonekani! Idara ikaingia kutafuta. Ilipohojiwa na kamati ya bunge mwaka 2022, hesabu ilikuwa hivi: 42 yamepatikana, 14 yamemezwa na ujenzi wa miji, 12 yamezama kwenye maji ya mabwawa, na 24 hayajulikani yalikokwenda. Kamati ikaelezwa pia kuwa kati ya majengo na mabaki ya kale 3,693 yaliyo chini ya idara, yenye walinzi ni 248 tu.

Utaambiwa takwimu hizi haziwahusu akina Mehrangarh, maana vilivyopotea ni makaburi, maandishi ya mawe na minara midogo ya kuonyesha umbali barabarani, na ngome haiwezi kupotea. Kweli. Tena si haki kuifananisha idara yenye maelfu ya mali na wakfu unaotunza ngome hii na ile ya Nagaur. Lakini kaburi lililofukiwa chini ya nyumba ya mtu lilikuwa na ulinzi wote wa sheria, kwenye karatasi. Lilichokosa ni mtu wa kugundua siku ya kwanza matofali yanashushwa. Ndicho alichonacho mwenye kufungua lango kila asubuhi ambaye mshahara wake unatoka langoni hapo hapo.

Husimuliwa kwamba Gaj Singh aliporudi kutoka masomoni Uingereza, wapangaji wa ngome walikuwa popo, na mapato yake ni kinyesi chao kilichouzwa kwa wakulima wa pilipili. Leo mgeni anapita kumbi za Phool Mahal na Moti Mahal zikiwa na rangi zake, na silaha na viti vya tembo vimepangwa kwenye makabati.

Kazi inayonivutia zaidi iko nje ya kuta. Miaka ya 1930 mtawala wa Jodhpur alitaka jangwa liwe kijani, mbegu za mti wa kigeni zikamwagwa kutoka kwenye ndege. Mti huo Wakenya wanaujua: ni mathenge, ule ule uliowatesa watu wa Baringo na mbuzi wao. Ukalivamia jabali lote. Kuanzia 2006 wakfu ukaamua kuung'oa kwenye hekta 72, na kwa kuwa ukikatwa juu huchipua upya, ilibidi mzizi ufuatwe ndani ya mwamba. Wakaajiriwa wachimba mawe wa kienyeji, Khandwaliya, wanaougonga mwamba kwa nyundo na kujua kwa mlio wake wapi patapasuka. Kisha ikapandwa mimea ya asili ya jangwani. Kazi ya namna hii, isiyo na uzinduzi kwa miaka mitano, sioni ni bajeti gani ya serikali ingeivumilia.

Upande wa pili una hoja moja ninayoiona nzito kuliko ya umiliki: nani anasimulia? Kwenye lango la Loha Pol kuna viganja vidogo vilivyochongwa ukutani na kupakwa rangi nyekundu, vya wake wa Maharaja Man Singh walioteketea kwenye moto wa mazishi yake mwaka 1843. Watu huviheshimu, na ukiwa mgeni unaweza kupita ukidhani ni pambo. Kuna pia jiwe la ukumbusho wa Rajaram Meghwal, mtu wa tabaka lililodharauliwa, ambaye kwa mapokeo alizikwa hai kwenye msingi mwaka 1459 ili ngome isimame. Mapokeo yanasema alijitolea. Mrithi wa aliyeamuru azikwe atasema nini kingine?

Mali ya ukoo hubeba na ugomvi wa ukoo. Novemba 2024 matawi mawili ya nasaba ya kifalme ya mji wa Udaipur yaligombea kuingia kasri la mji, mawe yakarushwa langoni. Jodhpur nako, Septemba 30, 2008, watu zaidi ya 200 walikufa katika mkanyagano kwenye hekalu la Chamunda lililomo ngomeni. Tume iliundwa, ikakabidhi ripoti mwaka 2011, nayo ikakaa miaka mingi bila kuwekwa hadharani. Ila aliyeikalia ripoti hiyo si maharaja. Ni serikali ya jimbo, huyo huyo tunayeambiwa akabidhiwe funguo.

Mimi ningeuachia wakfu funguo, kwa sharti kwamba hesabu zake zichapishwe kila mwaka kwa Kihindi na kubandikwa pale dirishani, na watu wa ukoo wa Rajaram wapewe viti kwenye bodi, viti vya kupiga kura.