Kuhamia Stockholm na watoto: baridi siiogopi, naogopa nyumba na giza

Baba watoto kapata kazi Stockholm, Sweden, jibu wanalitaka mwisho wa mwezi, na kila ninayemwambia swali ni moja, baridi mtaiweza? Jamani baridi sio ishu. Nimesoma kule miaka miwili, ukiwa na koti la maana na buti unatembea vizuri tu. Kinachomaliza mtu ni giza. Mwezi wa kumi na mbili jua linatoka saa tatu kasorobo asubuhi na saa tisa kasoro mchana limeshazama, yaani unaingia darasani giza unatoka giza, na kukiwa na mawingu wiki nzima inapita hujaliona. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala mchana kama mgonjwa.

Halafu nyumba. Nyumba za kupanga zenye kodi nafuu zina foleni, na sio foleni ya miezi, watu wanasubiri miaka minane mpaka kumi, katikati ya mji hata zaidi. Mgeni unaishia kupanga kwa mtu ambaye naye kapanga, mkataba miezi sita au mwaka, ukiisha unafunga mabegi. Mi nilihama mara nne, moja ilikuwa Januari naburuta sanduku lililong'oka tairi kwenye theluji, vidole sivisikii. Nilikuwa peke yangu. Na watoto wawili je, kila mkihama na chekechea inabadilika?

Lakini nikija kwa hao hao watoto naishiwa maneno. Kila mtoto akizaliwa wazazi wanapewa siku 480 za likizo yenye malipo wagawane, na 90 kati ya hizo kila mzazi lazima azitumie mwenyewe, hampi mwenzake, ndo maana saa nne asubuhi siku ya kazi unakuta wababa wanasukuma vigari vya watoto bustanini na hakuna anayeshangaa. Shule bure, chakula cha mchana shuleni bure, mtoto akiumwa daktari bure. Hapa Dar ada na basi la shule vinakula nusu ya mshahara wangu, na baba yao anatoka wamelala anarudi wamelala. Nataka wamjue baba yao.

Upweke nao upo, nisiufiche. Nimekaa jengo moja na watu miezi na miezi, tunapishana kwenye chumba cha kufulia kule chini, kila mtu na zamu yake, hata jina la jirani sikulijua, na kwa mtu aliyekulia uswahilini hiyo inauma. Kosa langu lilikuwa kutegemea Kiingereza. Kazini na dukani kinatosha, ila muda wa kahawa wote wanarudi Kiswidi na wewe unabaki kuangalia kikombe. Kozi ya Kiswidi kwa wahamiaji ni bure, safari hii naanza wiki ya kwanza.

Kwa hiyo mi nimeshasema twende, ila tusifike Novemba, tufike Mei kukiwa na mwanga mpaka saa nne usiku, na mkataba wa nyumba wa mwaka uwe mkononi kabla ya tiketi. Kilichobaki ni mama, yuko Tanga na sukari yake, na kumhamishia mzazi kule ni ngumu mno. Juzi nimempigia, kasema nendeni mwanangu, kisha akaniuliza insulini yake atakuwa anamchukulia nani.