Mshambuliaji Mkongwe na Jezi ya Harambee Stars

Kila kocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, anapotangaza kikosi, mabaraza ya kahawa hapa Mombasa hugawanyika juu ya jina lile lile: mshambuliaji aliyefika miaka 33 au zaidi, ambaye bado anacheka na nyavu katika Ligi Kuu, lakini hakuitwa. Wapo wasemao mwenye kufunga aitwe, basi, na wapo wasemao zama zake zimekwisha. Naona pande zote mbili zinabishania umri, ilhali la kuulizwa ni dakika ngapi atacheza, na zipi.

Mfano ulio karibu ni wa mwaka 2019. Allan Wanga, akiwa na miaka 33, alikuwa miongoni mwa wafungaji hatari wa ligi akiwa na Kakamega Homeboyz, lakini kocha Sébastien Migné alipokwenda Misri na wachezaji 23 kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, jina lake halikuwamo. Mbele waliaminiwa Michael Olunga, Masoud Juma na kijana John Avire wa Sofapaka. Kenya ilipata mabao matatu tu, yote katika ushindi wa 3-2 dhidi ya Tanzania, na watetezi wa Wanga hawajaacha kuyahesabu. Hata hivyo, mechi nyingine mbili zilikuwa dhidi ya Algeria na Senegal, timu zilizokuja kukutana fainali, na sidhani kama mkongwe yeyote wa ligi yetu angeyageuza matokeo ya 2-0 na 3-0.

Hoja ya wanaomkataa ina uzito kuliko wengi wanavyokubali. Mabeki wa ligi yetu humpa mshambuliaji nafasi ya kuutuliza mpira na kugeuka. Kwenye mechi za kimataifa nafasi hiyo haipo, na mshambuliaji wa kati hutakiwa awe wa kwanza kuwakimbilia mabeki wanapoanza kujenga mchezo. Isitoshe, idadi ya mabao hudanganya mpaka uulize ni mangapi ya penalti na yamefungwa dhidi ya nani.

Lakini niliwahi kukaa uwanjani Mbaraki, jua la saa tisa likiunguza, nikamtazama mkongwe mmoja ambaye kwa zaidi ya saa nzima alikuwa kama anatembea tu. Kila mpira ulipokwenda pembeni aligeuza shingo mara mbili, akamtazama beki, akarudi hatua moja nyuma. Krosi ya kwanza iliyopigwa chini ilimkuta peke yake, akaugusa mara moja tu, ukawa wavuni. Beki, ambaye nadhani hakufika miaka 22, alibaki akimlaumu kipa. Ujuzi wa namna hiyo haufundishwi katika kambi ya siku kumi.

Cameroon waliutumia vizuri mwaka 1990. Roger Milla, akiwa na miaka 38, alifunga mabao manne katika Kombe la Dunia, na yote aliyafunga akitokea benchi. Hakuna aliyemtaka akimbie dakika 90. Siku hizi kumtumia mtu wa aina hiyo ni rahisi zaidi, maana kocha anaweza kubadilisha wachezaji watano, na vikosi vya Kombe la Afrika la 2025 viliruhusiwa kufika wachezaji 28. Kwa hiyo ile hoja kwamba mkongwe anamzibia kijana njia imepungua nguvu, ingawa haijafa.

Kwangu, basi, aitwe, ila aambiwe mapema kuwa kazi yake ni dakika 20 za mwisho, na akikataa benchi abaki klabuni kwake. Kenya itaandaa Kombe la Afrika la 2027 pamoja na Tanzania na Uganda, na Olunga, aliyezaliwa Machi 1994, atakuwa na miaka 33, sawa na Wanga alipoachwa. Sijasikia hata mmoja barazani akisema abaki nyumbani.