Akiba haiozi, isipokuwa kapasita

Jirani yangu wa Kikwajuni, hapa mjini Unguja, ameamua kuacha. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa akiunda redio kwa mkono wake. Sisemi kutengeneza zilizoharibika, hiyo ni kazi ya mafundi wa Darajani. Yeye alianza na ubao mtupu, waya wa shaba na transista, akatoka na chombo kinachosikia na kinachosema. Sasa macho hayazioni tena rangi za rezista, mkono unatetemeka akishika chuma cha kulehemu, na mke wake ametamka neno moja lisilo na jawabu: kile chumba anakitaka. Chumbani mna makabati mawili, makopo ya maziwa ya unga yasiyohesabika, na mifuko ambayo hata mwenyewe hakumbuki imebeba nini.

Baraza letu limegawika. Wako wanaosema auze kila kitu, tena leo. Mmoja akatamka wazi kwamba maiti hana kabati. Wako wanaosema spea haiuzwi, akiba haiozi. Mie nimewasikiliza wote, na tofauti na wengi wao, nimeingia kile chumba.

Kwa asiyejua, redio ya ridhaa ni ya watu wenye leseni wanaozungumza kwa mawimbi bila biashara wala malipo, kwenye masafa waliyotengewa kwa makubaliano ya kimataifa, kama yale ya megahezi 7 na 14. Duniani huitwa ham. Ukilitia jina hilo irabu yetu mwishoni linakuwa hamu, na sidhani lipo linalowafaa zaidi. Kwa watu hao Zanzibar ina jina kubwa. Enzi za ukoloni stesheni za hapa zilijulikana kwa alama ya VQ1, Tanganyika ikiwa VQ3. Siku hizi Tanzania ni 5H, na visiwani alama huanza na 5H1. Wasikilizaji wa mbali waliitafuta kwa miaka mingi Sauti ya Tanzania Zanzibar kwenye kilohezi 11735, ikirushwa kutoka Dole, wakifurahi kuinasa kama mvuvi aliyepata nduaro. Wenye kuunda mitambo yao wenyewe hapa kwetu, lakini, sijapata kuwaona wakijaza baraza moja.

Asiyeunda redio akiingia kile chumba hushangaa. Kulikoni mtu mmoja awe na fuwele 40 za aina moja? Jawabu limo ndani ya televisheni zetu mbovu. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikangoja hadi miaka ya 1990, na mfumo tuliouchukua ni PAL. Kila seti ya rangi ya mfumo huo ina kipande cha fuwele kinachotikisika karibu mara 4,433,619 kwa sekunde. Masafa hayo hayamo kwenye yale ya ridhaa, kwa hiyo kwa kurushia hayafai kitu. (Wamarekani walibahatika: fuwele ya televisheni zao ni ya megahezi 3.579, nayo imeangukia ndani ya bendi ya ridhaa ya mita 80. Kila televisheni iliyokufa kwao ilikuwa na roho ya transmita.) Sisi tuliobakiwa na PAL tuna faraja nyengine. Ukiziunga fuwele nne au sita mfululizo unapata kichujio kizuri cha kupokelea, kinachopitisha sauti ya mtu mmoja na kuwazuia walio pembeni yake. Sharti zilingane, zisipishane kwa zaidi ya makumi machache ya mitikisiko katika hizo milioni nne na ushei. Ili upate nne zinazolingana unahitaji kupima 20, na zile 16 zinarudi kwenye kopo. Rundo huzaliwa hivyo, wala si kwa uroho.

Wanaosema auze wana hoja nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Methali yetu ya akiba haikutungwa kwa vifaa vya umeme. Kapasita za elektroliti, vile vihifadhi umeme vyenye kikopo cha aluminiamu, zina utando mwembamba wa oksidi unaodumishwa na umeme wenyewe. Zikikaa miaka bila kazi utando unadhoofika, na majimaji ya ndani hukauka. Ukizipa volti zote kwa mkupuo zinaweza kupasuka. Zinaweza kuamshwa, ni kweli, kwa kupandishiwa umeme polepole kupitia rezista, lakini ni nani mwenye subira hiyo kwa kitu cha shilingi mia chache?

Transista za AF117, za elementi ya germani, zilizokuwa kwenye redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1960, zina ugonjwa wa ajabu zaidi. Ndani ya kikopo chake bati huota nywele: nyuzi nyembamba za metali zinazokua zenyewe mpaka ziguse kisichotakiwa kuguswa, na umeme ukapita njia isiyo yake. Nywele hizo haziulizi kama transista ilitumika au ilikaa dukani. Jirani yangu alikuwa na mfuko wa transista 12, mpya, hazijawahi kuonja risasi ya kulehemu. Tukazipima. Saba zimekufa.

Na hapo sijaitaja bahari. Hewa yetu ya chumvi inaigeuza miguu ya vifaa kuwa ya kijivu, risasi haishiki mpaka uikwaruze kwa kisu.

Halafu dunia yenyewe imehama. Chipu moja ndogo ya Si5351, ya bei nafuu, inatoa masafa yoyote utakayo kutoka kilohezi 8 hadi megahezi 160, kwa amri ya programu. Chipu hiyo peke yake imestaafisha nusu ya yale makopo. Huko Hyderabad, Ashhar Farhan alibuni redio ya BITX kwa kutumia vipande vya kawaida ambavyo mtu wa India angeweza kuvipata mtaani; kufikia 2016 bodi yake ya BITX40 iliuzwa ikiwa imeshalehemiwa, kwa bei isiyofika dola 60. Jumlisha wewe bei ya kipande kimoja kimoja, uone kama utaishinda. Mwaka 2017 ikaja FT8, mtindo wa kompyuta kuzungumza na kompyuta, uliobuniwa na Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Nobel 1993, pamoja na Steve Franke. Mawimbi yake yana upana wa hezi 50 tu. Redio ya koili iliyosukwa kwa mkono, ambayo masafa yake huteleza feni ikiwashwa, haina nafasi humo. Na hata anayetaka kusikiliza tu, ndani ya Mji Mkongwe ajaribu: kila taa ya LED ya bei rahisi na kila chaja ya simu inapiga kelele kwenye mawimbi mafupi.

Kwa hoja hizo nilikaribia kusema: uza bwana, yaishe.

Lakini wale wa upande wa pili nao hawasemi upuuzi, ingawa methali yao ni mbovu. Kwenye yale makopo mna vitu ambavyo kweli haviozi. Kapasita za kuzungusha, zile za mabati yanayoingiliana hewani, huhitaji kufutwa vumbi tu. Kapasita za maika, waya wa shaba uliopakwa vanishi, pete za unga wa chuma za kusukia koili, fuwele zenyewe, hata vali za vioo zisizopoteza utupu wake: vyote hivi vinaweza kumzika mwenye navyo. Na baadhi havitengenezwi tena. Transista ya 40673 ilikoma zamani, na walionazo huziuza kama vito. Ukitaka transista za nguvu za Kijapani kama 2SC1969, unapoagiza mitandaoni una nafasi nzuri ya kuletewa bandia, zenye jina sahihi mgongoni na roho ya kitu chengine ndani. Aliyenunua zake zama zile ana halali.

Tena sisi ni watu wa kisiwani. Kitu cha bei ya andazi ukikiagiza ng'ambo, nauli yake inakuwa bei ya mbuzi, na unangoja. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme wa gridi kwa hitilafu ya njia ya umeme kutoka Bara. Jirani yangu aliisikiliza dunia kwa betri ya gari na kipokezi alichokiunda mwenyewe, na kilipozima usiku mmoja alikifungua akakitia transista nyengine kutoka kwenye kopo. Mwenye redio ya dukani iliyokufa usiku ule alingoja mafundi nao wapate umeme.

Kwa hiyo nani yuko sawa? Naona wote wanagombana juu ya uza-usiuze, na mie kinachonitisha ni kimya. Chukua pete za feraiti. Zile za unga wa chuma hupakwa rangi: nyekundu ni aina ya 2, njano aina ya 6, unazitambua ukiwa mlangoni. Feraiti hazina rangi. Ya aina ya 43 na ya aina ya 61 ni nyeusi kwa nyeusi, saizi moja, na ukitia moja mahala pa nyengine transmita haitoi inavyopaswa. Anayejua ipi ni ipi ni yule aliyezitia kwenye kopo. Akiondoka, au akisahau, kopo zima linakuwa kokoto. Warithi wataligawa kwa fungu la sheria, na hakuna kadhi atakayewaambia thamani yake. Auze au asiuze, lebo lazima ziandikwe angali anakumbuka, na kuuza kuna faida hii moja: kunamlazimisha azungumze.

Wa kumuuzia je? Mnunuzi wa chuma chakavu yupo kila siku na mizani yake. Anataka transfoma kwa ajili ya shaba, na kusema kweli kwa transfoma nzito bei yake inaweza kuwa ya haki. Lakini asipewe kila kitu. Baadhi ya transista za nguvu za redio zina kigae cheupe cha oksidi ya berili; kikiwa kizima hakina neno, kikipondwa vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Kapasita kubwa za mafuta za zamani nazo zinaweza kuwa na kemikali za sumu ziitwazo PCB. Watoto wa jaani hawasomi maandishi.

Kuna wanaotaka vyote viende Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, pale Mbweni, au SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tunguu, penye kampasi ya SUZA, ndiko Wamarekani walikoweka kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, kimojawapo cha vituo vilivyomfuatilia mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo historia ya redio tunayo, tusijifanye wageni. Ila zawadi ya jumla mie siiamini. Naijua kabati ya skuli: inapokewa kwa picha, inafungwa kwa kufuli, ufunguo unakwenda likizo. Afadhali kijana mmoja aliyelipa shilingi elfu kadhaa za mfuko wake kwa mfuko mmoja wenye kapasita ya kuzungusha, waya, pete mbili zilizoandikwa jina, na nusu saa ya maelezo. Aliyelipa atakwenda kuuliza tena.

Mitambo iliyokamilika ya kurushia ina hesabu yake. Mfuko wa transista ni mfuko wa transista, lakini transmita inayofanya kazi ni jambo la Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndiyo inayotoa leseni. Ampe mwenye leseni, au aivunje irudi kuwa vipande.

Nilipompa jirani yangu shauri langu alilipinga kwa sababu moja ya maana. Anahitaji fedha, na fedha zipo kwenye vipimo: osiloskopu, jenereta ya mawimbi, mita ya masafa. Hivyo ndivyo vilivyopata wateja siku ya kwanza. Namwelewa. Lakini ni mita iliyotuambia kwamba transista saba zimekufa, na ni mita itakayozitenga fuwele na feraiti. Akiuza vipimo mwanzo, vilivyobaki atauza kwa kubahatisha, na mnunuzi mwerevu atalijua hilo. Vipimo viwe vya mwisho kutoka mlangoni, hata kama mteja anangoja na noti mkononi.

Alinyamaza, akaagiza kahawa, hakusema ndiyo wala siyo. Jumamosi asubuhi akanigongea. Tulikaa sakafuni na kopo la fuwele, yeye akisoma tarakimu, mie nikiandika kwa sababu macho yangu bado yana nguvu. Mpaka adhana ya adhuhuri tulikuwa na seti tatu za nne nne zinazolingana, kila moja imefungwa kwa uzi na karatasi yake. Mkewe akachungulia, akauliza kama tumemaliza.

Tumemaliza kopo moja.