Abiria Asiyelipa Nauli

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, huendesha Toyota Probox ya kubeba abiria kati ya Kisumu na Luanda, ile ya Vihiga hapa Kenya, na kwa miaka yote ya kazi hiyo ameshikilia imani moja, kwamba mtoto hana kiti. Mtoto hupakatwa, akizidi umri wa kupakatwa husimama katikati ya magoti ya watu wazima, akizidi hapo, huanza kulipa nauli. Kwa hiyo nilipopata kazi ya uuguzi Birmingham na kuwaeleza watu wa nyumbani kwamba Uingereza mtoto hutakiwa kuwa na kiti chake maalumu ndani ya gari mpaka atimize miaka 12 au afikishe urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia, shemeji aliweka kikombe cha chai mezani akauliza kama hao Waingereza huzaa watoto au hutaga mayai.

Hata hivyo, ana moyo wa kusaidia, na moyo huo ndio uliotuponza. Jumapili iliyofuata alidamkia soko la Kibuye akarejea na kiti cha gari cha mitumba, amekibeba kichwani, jasho likimtiririka, akatangaza kwamba Amani, mwanangu wa miaka mitatu na nusu, sasa yuko tayari kuhamia ng'ambo. Nilikipindua kiti kile. Upande wa chini, kwenye plastiki, palikuwa na maandishi yaliyosema kisitumiwe baada ya Desemba 2019. Palikuwa pia na ufa mwembamba uliotoka kwenye tundu la mkanda ukaishia ukingoni, na hakuna mtu Kibuye nzima ambaye angeweza kuniambia kama kiti hicho kiliwahi kuwa ndani ya gari lililogongwa, ingawa muuzaji alikuwa ameapa kwamba kilikuwa mali ya daktari. Uzito ulikuwa umeandikwa kwa pauni na urefu kwa inchi, maana kilitengenezwa kwa viwango vya Marekani, na kiti cha Marekani, hata kikiwa kipya kwenye boksi lake, hakikubaliki kisheria barabarani Uingereza. Huko kinatakiwa kiwe na kibandiko chenye herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya kanuni, ama R44 ile ya zamani ama R129 ya sasa.

“Kwani gari la Marekani likigonga, haligongi sawasawa?” shemeji aliuliza.

Kisha akaona maandishi mekundu ubavuni yaliyosema kwamba kiti hicho kimeidhinishwa kutumika ndani ya magari na ndani ya ndege pia, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa magumu mno. Mtu aliyetoa fedha zake mfukoni, akaambiwa kwamba kiti kinachofaa angani hakifai Birmingham, huwezi kumlaumu akinuna.

Kiti kilichofaa kilitoka kwa rafiki yangu wa chuo anayeishi Coventry, aliyekuja likizo nacho kwa sababu mwanawe alikuwa amekipita urefu. Huyo namjua, na najua hakijapata ajali. Kibandiko chake cha rangi ya chungwa kilionyesha R129 na sentimita 76 hadi 105. Tulimsimamisha Amani kwenye fremu ya mlango tukampima, akawa na 99. Kiti cha mdogo wake, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka, tulikiacha tukanunue huko huko, kwa kuwa kwa kanuni hiyo mpya ni lazima mtoto atazame nyuma ya gari mpaka apite miezi 15, na si kila kiti hukaa vizuri katika kila gari. Ni bora ulione gari kwanza. Shemeji alijitolea kumweka mtoto huyo kiti cha mbele, akisema abiria wa heshima hukaa mbele, ikanibidi nimweleze kwamba mfuko wa hewa ukifumuka mbele ya kiti kinachotazama nyuma unaweza kumuua mtoto. Alinyamaza kidogo. Nadhani hilo ndilo jambo pekee katika sakata lote alilolikubali bila kubisha.

Kosa la mume wangu lilikuwa kusoma kanuni kwa sauti hadi mwisho. Alipofika palipoandikwa kwamba ndani ya teksi, kama dereva hana kiti cha mtoto kinachofaa, mtoto anaweza kusafiri bila kiti hicho mradi akae nyuma, shemeji alisimama wima. “Basi hata wao wanajua! Na Probox yangu ni nini, kama si teksi?”

Kutokana na hoja hiyo ndipo, siku tuliyoamua kumzoeza Amani kiti chake kwa safari fupi kutoka mjini hadi nyumbani Mamboleo, gari liliposimama Kibuye bila mtu kuomba kushuka. Nilikuwa nyuma, Amani kwenye kiti chake upande wa dirisha, amevaa koti zito la baridi ambalo mama mkwe alisisitiza alizoee mapema, katika jua la Kisumu la saa nane mchana. Nilikuwa nimesema, kwa adabu yote, kwamba koti nene halivaliwi chini ya mikanda ya kiti, kwa sababu gari likigonga koti hubonyea na mikanda hubaki imelegea mwilini. Mama mkwe alinijibu kwamba baridi haisomi vijitabu. Nikaikaza mikanda juu ya koti, nikanyamaza.

Mlango ulifunguliwa, akaingia mama mmoja mwenye karai la omena, wale dagaa wa ziwani, na nyuma yake kijana mwenye mfuko wa viazi.

“Njia ni ileile,” shemeji aliniambia kupitia kioo.

Yule mama alibanwa katikati, karai mapajani, goti lake moja likiwa juu ya goti langu. Alimtazama Amani aliyeketi kwa nafasi, miguu ikining'inia, mikanda imemzunguka mabegani na kiunoni. “Huyu amelipa ngapi?” akauliza. Shemeji akasema hajalipa. Kuanzia hapo hadi karibu na Kondele tulisikiliza hotuba kuhusu watu wazima wanaolipa nauli kamili na kukalia nusu ya tako ilhali mtoto wa bure amepewa kiti chenye mito.

Mbele yetu palikuwa na polisi. Ofisa aliinama dirishani, akamtazama Amani kwa muda, akauliza mtoto huyo amefungwa kwa kosa gani. Halafu macho yake yakahamia kwa shemeji, ambaye mkanda wake ulikuwa unaning'inia pale pale ulipoachwa na Wajapani, akataka kujua kwa nini mtu pekee anayeheshimu sheria za Michuki, yule waziri aliyelazimisha mikanda, ndani ya gari hilo alizaliwa muda mrefu baada ya 2004. Shemeji aliuvuta mkanda kwa kasi, ukakwama, akaushikilia kifuani kwa mkono mmoja hadi tulipoondoka.

Tulipofika steji ya Kondele, Amani akasema anataka kukojoa.

Nilibonyeza kitufe chekundu. Hakikushuka. Nilibonyeza kwa vidole viwili, kisha kwa gumba, na Amani, kwa haraka yake, akawa anajisukuma mbele kwa nguvu zote, jambo lililozidi kuikaza mikanda. Katika ufa wa kifungo niliona chembe za mandazi aliyokula asubuhi. Hapo watu walikwisha kukusanyika. Fundi wa pikipiki alileta oili chafu, nikamzuia, kwani kijitabu kinakataza mafuta ya aina yoyote kwenye kifungo. Kijana wa viazi akatoa kisu, nikapiga kelele. Mwendesha bodaboda mmoja akashauri tumrudishe mtoto dukani. Shemeji alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini kama teksi za Uingereza nazo huwa hivi.

Yule mama wa omena aliweka karai chini. Akamsukuma Amani kifuani kwa kiganja, taratibu, mpaka mgongo wake ukagusa kiti na mikanda ikalegea, kisha kwa mkono wa pili, wenye magamba ya samaki, akabonyeza kitufe mara moja. Kifungo kikaachia. Alinyoosha kiganja kwa shemeji akadai arudishiwe nauli yake, na akarudishiwa.

Lakini Amani alikuwa ameshamaliza.

Kitambaa cha kiti kilifuliwa, mikanda ikafutwa kwa kitambaa chenye maji tu kama inavyotakiwa, kifungo kikamiminiwa maji ya uvuguvugu mpaka chembe za mandazi zikatoka. Kuirudisha mikanda kwenye matundu yake kulichukua jioni nzima, na mume wangu alitumia maneno ambayo sijawahi kuyasikia kwa Kiswahili wala Kidholuo. Koti lilirudishwa kabatini, na safari hii mama mkwe hakusema neno.

Kile kiti cha Kibuye nilimwomba shemeji akivunje ili kisije kikaingia kwenye gari la mtu mwingine. Hakukivunja. Alikiuza kwa kinyozi wa Kondele, ambaye amekipigilia misumari juu ya benchi na kuwanyolea humo watoto wasiotulia, mikanda ikiwa imefungwa, na huwatoza wazazi wao bei ya juu kidogo.