Lebo za mashine kwenye picha za kifua: nani aliiangalia picha?

Mgonjwa amelazwa, na leo amepigwa tena eksirei ya kifua. Ripoti ni ya mstari mmoja: "Hakuna mabadiliko tangu picha ya jana." Daktari wa wodini anaelewa mara moja, kwa kuwa anajua jana kulikuwa na maji upande wa kulia. Sasa ipe ripoti hiyohiyo programu inayotafuta majina ya magonjwa ili iipe picha lebo, yaani jina la ugonjwa unaoonekana. Haikuti ugonjwa uliotajwa. Picha yenye maji inaingia kwenye hifadhi ya data ya kufundishia kompyuta ikihesabiwa kuwa ya kifua kisicho na ugonjwa.

Ubishi kuhusu lebo zinazowekwa na kompyuta ungepaswa kuanzia hapo, lakini wengi hukimbilia kuuliza kama mashine itachukua kazi ya daktari wa radiolojia, yule anayesoma picha hizi. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba ya leo, alisema madaktari hao waachwe kufundishwa. Bado wapo, na kazi imewaelemea.

Wanaozitetea lebo hizi wana hoja nzito. Mwaka 2017, NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ilitoa picha 112,120 za kifua za wagonjwa 30,805, zenye lebo za magonjwa 14 ambazo programu ilizichota kwenye ripoti zilizokwisha kuandikwa. Hesabu dakika moja tu kwa kila picha: ni zaidi ya saa 1,860. Mtaalamu mmoja, kwa saa nane za kazi, angemaliza siku 230 na ushei bila kumsomea picha mgonjwa hata mmoja anayesubiri majibu. Hospitali gani itamwachia daktari wake kazi hiyo? Na modeli, yaani programu inayojifunza kutambua ugonjwa kwenye picha, bila picha nyingi zenye lebo haifundishiki.

Ila wingi hauponyi kila kosa. Makosa yanayoangukia huku na kule, modeli huweza kuyahimili. Yenye mwelekeo mmoja, yakirudiwa mara elfu, ndiyo yanayogeuka kuwa somo lenyewe. Luke Oakden-Rayner, daktari wa radiolojia wa Australia, aliziangalia picha hizo za NIH mwenyewe. Alionyesha kwamba nyingi kati ya zile zenye lebo ya hewa iliyovuja na kunasa kati ya pafu na ukuta wa kifua tayari zilikuwa na mrija wa kuitoa hewa hiyo. Lebo yenyewe inaweza kuwa sahihi kabisa, na bado ikafundisha vibaya. Mrija huonekana waziwazi. Ukingo wa pafu lililosinyaa ni mstari mwembamba unaoweza kumponyoka hata mzoefu. Modeli hushika kilicho rahisi. Kisha anakuja mgonjwa anayehema kwa shida, hajatibiwa, hana mrija. Huyo ndiye aliyepaswa kuonwa kwanza, na ndiye ambaye modeli inaweza kumpita.

Waliofuata walijifunza. CheXpert, hifadhi ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 2019 yenye picha 224,316, nayo ilichota lebo kwenye ripoti, lakini iliongeza lebo ya shaka kwa sentensi za aina ya "nimonia haiwezi kuondolewa", yaani huenda ipo. Muhimu zaidi, vipimo vya eksirei 500 vilivyotengwa kwa kuipima modeli vilipewa lebo na madaktari walioangalia picha zenyewe. Kwangu mgawanyo huu ndio wa busara: mashine ifanye kazi ya wingi, mtihani utungwe na binadamu.

Tena lebo si za aina moja. TotalSegmentator, programu iliyochapishwa 2023, ilianza kwa kuchora mipaka ya sehemu 104 za mwili kwenye CT skani. Watu walianza na wagonjwa wachache, modeli ikafundishwa, ikachora wengine, watu wakasahihisha, na mzunguko ukaendelea. Hapo sina ugomvi. Mstari wa figo ukimwagikia kwenye ini, mkaguzi anauona papo hapo. Nimonia haina mpaka wa namna hiyo. Madaktari wawili wanaweza kutofautiana juu ya picha moja.

Lipo pia suala la lebo inayotokea kwenye skrini wakati daktari anasoma. Utafiti wa Ujerumani wa 2023 uliwapa madaktari 27 picha za matiti zenye mapendekezo waliyoambiwa ni ya akili mnemba, baadhi yakiwa na makosa ya makusudi. Palipokosewa, usahihi ulishuka kwa wote, wazoefu wakiwemo, ingawa wasio na uzoefu waliporomoka zaidi. Kwa hiyo naona ni heri daktari aandike maoni yake kwanza, ndipo lebo ifunguke. Wanaosema hilo linakula muda wamesema kweli. Muda ndio uliofanya programu inunuliwe.

Hospitali inayotaka kununua iulize lebo za picha za majaribio zilitoka wapi. Muuzaji akijibu "kwenye ripoti", asilimia 90 na kitu za usahihi anazozitaja zinapima jinsi modeli inavyokubaliana na programu iliyosoma ripoti. Iombe pia matokeo ya wagonjwa wasio na mrija yatolewe peke yake.