Prosesa ndani ya lebo za XML: inapofaa na inapokwama

Je, inafaa kueleza prosesa kwa XML, yaani maandishi ambayo kila taarifa hufungwa ndani ya lebo yenye jina lake? Mwanafunzi wa Mbeya anayetengeneza kipimo cha unyevu wa udongo kwa ajili ya mashamba ya parachichi ya Rungwe, akitumia chipu ya bei nafuu kama STM32F103, hukutana na mwongozo wa kurasa zaidi ya 1,000. Anachokitafuta humo ni kidogo mno. Akitaka kuwasha taa iliyo kwenye pini (mguu wa chipu) ya PC13, pamoja na mengine anahitaji rejista (sehemu ndogo ya kumbukumbu inayoongoza kifaa) ya CRH, anwani 0x40011004, na ndani yake biti mbili kuanzia biti ya 20. Akikosea hapo, taa haiwaki na hapati ujumbe wowote wa kosa.

Ndiyo maana naunga mkono faili za SVD, zinazoorodhesha rejista za chipu, ambazo muundo wake wa XML ulipangwa na Arm, kampuni inayosanifu prosesa. Rejista ileile imeelezwa humo kwa lebo: jina, anwani, biti inapoanzia, upana. Programu ya svd2rust huisoma faili hiyo na kuzalisha msimbo wa lugha ya Rust wenye majina badala ya tarakimu tupu. Tena faili ukishaishusha, kazi inaendelea hata bando likiisha, na kwa kijana wa Tukuyu hilo si jambo dogo.

Kwa wanaosanifu chipu zenyewe ipo IP-XACT, nayo ya XML, iliyofanywa kuwa kiwango namba 1685 cha IEEE, shirika la wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 2009. Inaeleza viungio, ramani ya kumbukumbu na namna vipande vinavyounganishwa. Jinsi saketi inavyofanya kazi huachiwa Verilog au VHDL, lugha za kuandikia saketi, na nadhani mpaka huo umewekwa panapostahili. Kujumlisha namba mbili kwa Verilog ni mstari mmoja: assign jumla = a + b. Jambo hilohilo kwa XML linadai lebo ya tendo, lebo ya kila upande na lebo za kufungia zote. Kompyuta haichoki, lakini mtu anayekagua kazi ya mwenzake atachoka, na kosa litapita.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani wa SVD ni usahihi. Faili za SVD za chipu za STM32 zimekutwa na makosa mengi kiasi kwamba wanaojitolea katika mradi wa stm32-rs, unaoandaa msimbo wa Rust kwa chipu hizo, huzitungia marekebisho, tena wakiyaandika kwa YAML, muundo wa maandishi usio na lebo za kufungia, kwa sababu ni rahisi kuandikwa kwa mkono. Kosa la kwenye mwongozo humpotosha anayeusoma. La kwenye SVD huingia katika kila programu iliyozalishwa kutoka humo. Hata hivyo, likisahihishwa mara moja, wote wanapona kwa pamoja, na hapo bado naona faida inazidi hasara.

Kwa hiyo kwenye maabara za Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ningependa zoezi la kwanza liwe hili: mwanafunzi apewe SVD na mwongozo wa chipu moja, alinganishe rejista za kifaa kimoja tu cha ndani ya chipu hiyo, aandike zinapotofautiana, kisha ndipo azalishe msimbo. Verilog ifuate baadaye, akishajua anwani zinatoka wapi.