Kompyuta Iliyonukia Mnanaa

Dakika ya 88, naongoza 2-1, mpira uko mikononi mwa kipa wangu. Nilishaanza hata kumuuliza mdogo wangu kama chipsi mayai anazokwenda kuninunulia zitakuwa na pilipili. Hapo hapo skrini ikawa nyeusi tii. Feni iliyokuwa ikilia kama bajaji inayopanda kilima ikanyamaza kimya.

"Aliyetoka uwanjani kafungwa," akasema mdogo wangu, akajilaza godoroni. "Na yangu pilipili iwe nyingi, kaka."

Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, mwezi ambao mtu aliyekaa tu kitako anavuja jasho. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo. Ukiandikia barua za kuomba kazi, inakaa siku nzima haina neno. Ukifungua gemu la mpira, dakika ishirini nyingi, imezima. Mwenye akili zake angeshastuka hapo. Mimi nikapiga Windows upya. Mara mbili. Mara ya pili nikafuta na picha za harusi ya dada, kesi ambayo kwenye familia yetu haijaisha hadi leo. Nikanunua na chaja mpya. Shangazi, ambaye tunaishi kwake, akasema hiyo mashine imechoka kuchezewa, inataka kazi. Ukiangalia ushahidi, yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Jirani akanipa programu ya kupima joto. Mashine ikiwa imetulia, nyuzi 60. Tukawasha gemu: 82, 91, 95. Mpira tukauacha, tukawa tunakodolea zile namba kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. 97. 99. Giza. Kumbe siku zote hizo haikuwa inakufa, ilikuwa inajiokoa. Prosesa, yaani ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo, na isipopoa hujizima kabla haijaungua.

Nikaingia mtandaoni kutafuta tiba. Jamaa mmoja kwenye video akaeleza kwamba kati ya prosesa na bati la shaba linalonyonya joto huwa kuna pesti, na ikikauka inabadilishwa. Akaongeza, huku anacheka, kwamba hata dawa ya meno inaweza kufanya kazi. Kile kicheko sikukitilia maanani.

Saa nne usiku nikaazima bisibisi, skrubu 11 nikazipanga kwenye mfuniko wa sufuria. Pesti ya zamani ilikuwa imekauka kama ukoko; nikaikwangua. Kisha nikachukua dawa ya meno ya shangazi, nikapaka vile vile ninavyopaka kwenye mswaki, mwanzo hadi mwisho, na kile kimkia cha juu nikakiweka. Feni sikuigusa. Kitu kinazunguka, nikifungue cha nini? Wakati wa kufunga, skrubu mbili zikabaki. Nikazitia mfukoni.

Usiku ule joto halikupita nyuzi 86. Tukamaliza mechi mbili nzima! Asubuhi nikamweleza jirani habari za prosesa kwa sauti ya mtu aliyesomea. Siku ya tatu, dakika ya sita tu, giza, na chumba kizima kinanukia mnanaa.

Ikabidi niende kwa fundi. Akafungua, akasimama, akainama, akanusa.

"Braza, hii umeweka nini?"

"Niliinunua hivyo hivyo."

Akanitazama kwa huruma, kisha akawageukia wenzake wa meza za jirani. "Oyaa, njooni mnuse!" Wakaja wanne. Mmoja akanusa mara mbili, akaniuliza kwa upole kabisa, "Unaisugua asubuhi na jioni, au asubuhi tu?"

Walipomaliza kucheka, fundi akanifundisha. Prosesa na shaba ukiziona ni laini, lakini zina vishimo visivyoonekana kwa macho, na humo hukaa hewa, ambayo haipitishi joto vizuri. Kazi ya pesti ni kuviziba, na inatosha kiasi cha punje ya mchele. Dawa ya meno inaviziba pia, ila maji yake yakikauka kwa joto, unabaki na chaki. Akaikwangua yangu kwa kucha, ikadondoka unga mweupe.

Halafu akafungua feni. Kwenye vile vibati vyembamba vya kutolea joto palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Akakivuta kwa kibano, kikatoka kizima kizima, kinaning'inia.

"Hili si vumbi tu," akasema, akikivutavuta. "Huu usufi. Unachezea juu ya mto?"

Nikanyamaza. Tangu siku ya kwanza mashine ile nilikuwa naiweka juu ya mto wa usufi, ule uliochanika pembeni, matundu ya hewa yakitazama chini.

Shilingi 30,000. Skrubu zangu mbili nikazitoa mfukoni, akazipokea bila neno.

Nyumbani nikamkuta shangazi ukumbini ameshika tyubu ya dawa ya meno, anaikamua kuanzia mkiani. "Ndani ya nyumba hii nani kaanza kupiga mswaki hivi?" Mdogo wangu akatazama dari.

Usiku tukacheza, laptopu juu ya stuli, nyuzi 76, feni inapumua taratibu. Kufika dakika ya 70 nilikuwa nimeshapigwa 4-1, na mashine haina hata dalili ya kuzima. Nikaunyoosha mkono polepole, nikaushika ule mto wa usufi, nikaanza kuusogeza kuelekea kwenye stuli.

"Kaka," akasema mdogo wangu bila kutoa macho kwenye skrini, "weka mto chini."